Mboga za majani za kudumu kwenye nchi za baridi: sukuma inatoa maua kila Aprili, nipande nini?

ShambaDogo (Leeds, Uingereza)

Wakuu, habari za majukumu.

Eneo ni mita 10 kwa 4, udongo wa mfinyanzi, kipimo cha dukani kinasoma pH 6.1. Baridi kali ya hapa hufika nyuzi 8 chini ya sifuri, na mvua si ya kuuliza. Sukuma, mbegu ya Georgia, inapandwa Mei, inachumwa hadi Novemba, inavuka kipupwe ikiwa hai, kisha Aprili inarefuka ghafla, inatoa maua ya njano na majani yanabaki madogo na magumu. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei bustani haina cha kutia sufuriani.

Kwa nini sukuma hiyohiyo kule nyumbani inachumwa mwaka mzima na zaidi, huku inakata tamaa? Na ni mboga gani za majani ambazo ukizipanda mara moja zinakaa miaka, zinahimili baridi, na zinalika na ugali bila mtu kujilazimisha? Kuna pia ukanda wa mita 4 chini ya uzio unaopata jua saa mbili tu kwa siku. Kama kuna kinachokubali hapo, naomba jina lake la kisayansi ili nisiuziwe kitu kingine. Na matembele je, yanaweza kudumu?

---

FundiMbegu (Somerset, Uingereza)

Mkuu, tuanze na hilo la maua, maana ndilo litakaloamua ununue nini.

Sukuma, kabichi na koliflawa ni spishi moja, Brassica oleracea. Mmea huu ukishapita utoto, yaani shina limefikia unene wa penseli hivi, halafu ukakaa wiki kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 4 hadi 10, unapokea ishara kwamba kipupwe kimeupitia. Siku zikirefuka na joto likirudi, unaacha majani na kushika maua. Sehemu nyingi za Kenya na Tanzania baridi ya namna hiyo haifiki, au inafika usiku mmoja mmoja na kuondoka, kwa hiyo mmea unaendelea na majani tu na watu wanabandua vichipukizi vya pembeni na kupanda upya. Mbegu yako haina kosa na mbolea haihusiki.

Kama hutaki kuachana na Georgia, sia kundi la pili katikati ya Agosti ili Novemba iwakute miche bado membamba kuliko penseli. Miche hiyo haiisomi baridi vizuri, na mara nyingi itakupa majani Machi na Aprili kabla ya kurefuka. Si jambo la uhakika, kipupwe chenye joto huiharibu hesabu hii. Na kikonyo cha maua kikitokea, kivunje kikiwa na sentimita 15, maua yakiwa bado vifundo. Kinalika, tena ni kitamu kuliko majani ya wakati huo.

Sasa sukuma za kudumu zenyewe. Tafuta mbili. Daubenton ni kichaka cha sentimita 60 hadi mita moja, matawi yake huinama na yakigusa udongo hutoa mizizi yenyewe. Taunton Deane ni sukuma ya zamani ya huku Somerset, huweza kufika mita 2 kwenda juu na karibu hivyohivyo kwa upana, majani makubwa yenye mishipa ya zambarau. Zote mbili hutoa maua kwa nadra, na ndiyo maana huzalishwa kwa vipandikizi. Anayekuuzia pakiti ya “mbegu za Daubenton” anakuuzia machotara: mengine yatadumu, mengine yatashika maua kama hiyo Georgia yako.

Vipandikizi:

Chukua kichipukizi cha pembeni cha sentimita 10 hadi 15, Aprili–Mei au mwisho wa Agosti. Kibandue kwa kukivuta chini ili kiondoke na kipande kidogo cha ganda la shina mama. Ondoa majani yote ubakize mawili au matatu ya juu, na yakiwa mapana yakate nusu, kwa sababu kitu kisicho na mizizi hakiwezi kunywesha jani zima. Mchanganyiko ni mboji na mchanga wa chembe kubwa, nusu kwa nusu. Chomeka theluthi mbili ya shina, mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, funika kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa, weka kivulini. Wiki 3 hadi 6. Ukikivuta kidogo kikakataa kutoka, kimeshika. Kikioza chini na kuwa cheusi, uliweka maji mengi. Kikinyauka juu huku shina bado gumu, kilipata jua.

Kuhamishia shambani: Daubenton sentimita 90 kati ya mmea na mmea, Taunton Deane mita 1.2. Zika shina hadi karibu na majani ya kwanza na ukanyage udongo kwa kisigino. Hapa usione haya, kanyaga kwelikweli. Kinachoziua sukuma hizi si nyuzi 8 chini ya sifuri. Upepo hulitikisa shina hadi shimo linafunguka shingoni mwa mmea, mvua inajaa humo, kisha inaganda. Taunton Deane ifunge kwenye mti wa mita moja na nusu tangu siku ya kwanza. Kwa mfinyanzi wako, inua tuta sentimita 15 hadi 20 ili maji yasituame.

Kila Machi, ndoo ya lita 10 ya mboji kwa kila mmea, pamoja na konzi mbili za vidonge vya samadi ya kuku. Mwaka wa kwanza usichume mpaka mmea ufike sentimita 40, na hata baadaye usitoe zaidi ya theluthi ya majani kwa siku moja. Mimea minne ya Daubenton na mmoja wa Taunton Deane inatosha watu wanne kwa mboga ya mara mbili kwa wiki. Ukifika mwaka wa nne au wa tano shina linakuwa gogo, vichipukizi vinapungua. Kata vipandikizi vipya, anzia mahali pengine.

Kitu cha kuogopa ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, Plasmodiophora brassicae. Mmea unanyauka mchana ingawa udongo una maji, ukiung'oa unakuta mizizi imevimba kama tangawizi. Vijidudu vyake hukaa udongoni hata miaka 20 na hakuna dawa ya bustanini. Hupenda udongo wenye uchachu na maji mengi, na pH 6.1 yako ni mwaliko. Pandisha ifike 7 au 7.2 kwa chokaa ya kilimo, gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, upime tena baada ya miezi mitatu. Na hii ndiyo sababu ya kutopokea kamwe mche wenye mizizi na udongo kutoka bustani ya mtu, hata akiwa rafiki. Omba vichipukizi vya juu, visivyogusa ardhi.

Wadudu ni walewale: viwavi wa vipepeo weupe kuanzia Juni, inzi weupe chini ya majani, na njiwa wa mwituni ambao kipupwe wanaweza kukwangua mmea ukabaki mishipa mitupu. Wavu wenye matundu ya milimita 7 unazuia kipepeo na njiwa pamoja, lakini uwe juu ya fremu. Ukiulaza juu ya majani, kipepeo anatagia mayai kupitia tundu.

---

Kijana_wa_Mboga (Manchester, Uingereza)

Kwa kivulini tafuta Hablitzia tamnoides, mkuu. Inatambaa juu ya uzio, majani yake ni kama spinachi. Sia Machi dirishani kwenye nyuzi 20 kama nyanya, Mei unahamisha.

---

MamaKitalu (Malmö, Uswidi)

Mdogo wangu, mmea umemtajia sahihi, lakini hapo dirishani umempoteza mwenzio. Mbegu za Hablitzia kwenye nyuzi 20 hulala tu. Zinataka baridi ndipo ziamke.

ShambaDogo, fanya hivi. Januari au Februari jaza chungu cha sentimita 12 mboji laini, nyunyiza mbegu juu (ni ndogo, nyeusi, zinang'aa), funika kwa mchanga wa milimita 2 au 3, kiache nje penye kivuli, theluji ikianguka juu yake usiiondoe. Zitaota zenyewe joto likiwa bado nyuzi chache tu juu ya sifuri. Njia ya pili: karatasi ya jikoni yenye unyevu ndani ya kopo, jokofuni, wiki 2 hadi 4, na angalia kila baada ya siku tatu kwa sababu huota humohumo jokofuni. Ukiona mzizi mweupe, hamishia kwenye chungu.

Miche ni midogo na konokono wasio na nyumba, koa, wanaimaliza usiku mmoja. Iweke juu ya meza yenye miguu ndani ya vikopo vya maji hadi ifike sentimita 10, kisha mwisho wa Mei ipeleke kwenye uzio, sentimita 80 kati ya mche na mche, mboji nyingi. Ukanda wako wa mita 4 unachukua mitano.

Mwaka wa kwanza na wa pili usiuguse, na hapa ndipo wengi hukosea. Unajenga kwanza shina la chini ya ardhi. Ukichuma mapema utakaa na mmea wa vijiti miaka mitano. Mwaka wa tatu, Machi au hata Februari kwenu Uingereza, unatoa fungu la machipukizi mekundu-kijani. Yakate yakiwa sentimita 15 hadi 20, acha theluthi yapande. Baadaye hufika mita 3 juu ya waya, na unaendelea kuchuma ncha na majani hadi Julai. Vuli unakufa wote juu, kwa hiyo chomeka kijiti cha alama, vinginevyo utaupiga jembe Februari. Nyuzi 25 chini ya sifuri haziusumbui. Asili yake ni Kaukasi, na huku Skandinavia ulipandwa tangu karne ya 19 kama ua la kutambaa kwenye kuta, watu hawajui kwamba wanapamba nyumba kwa mboga.

Ni wa familia moja na mchicha na spinachi, na unapikwa kama mchicha: dakika 3 za kuchemsha, kamua, unga kwa nazi na kitunguu. Hauna uchungu.

Mwingine wa familia hiyohiyo ni Blitum bonus-henricus, huko kwenu unauzwa kwa jina la Good King Henry. Huo ni mchungu, nakuambia mapema. Majani yaloweke kwenye maji ya chumvi nusu saa hadi saa moja, chemsha dakika 5, mwaga maji, kisha unga kwa karanga nzito. Mtu aliyezoea mnavu hatashtuka. Aliyezoea spinachi ya dukani atasukuma sahani. Sehemu tamu yake ni vikonyo vya Aprili, sentimita 15, unavimenya ganda la nje na kuvichemsha dakika 4. Sentimita 40 kati ya mimea, mbegu nazo zinataka baridi, ziwe zimeshatolewa nje kabla Januari haijaisha.

Halafu msidharau ule mmea unaowasha, Urtica dioica, ndugu wa ule ambao Wakikuyu wanauita thabai na kuuponda ndani ya mukimo. Ni wa kudumu, huanza Machi, hauhitaji mbolea. Vaa glavu, kata majani manne hadi sita ya ncha tu. Dakika mbili kwenye maji yanayotokota na muwasho wote umekwisha. Ukianza kutoa maua acha kuchuma, kwa sababu majani yanajaa chembe ngumu za chokaa zinazokwaruza mdomoni na si nzuri kwa njia ya mkojo. Ukate wote hadi chini mwezi Juni, utachipua upya na utakula tena Agosti. Mizizi yake ya njano hutambaa, kwa hiyo upande ndani ya pipa lililokatwa chini na kuzamishwa ardhini sentimita 40, usiuache huru.

Matembele: huku hayadumu nje, jalidi moja tu yamekuwa meusi. Yanadumu dirishani. Mwanzo wa Septemba, kabla usiku haujashuka chini ya nyuzi 10, kata marando matano ya sentimita 20 hadi 25 yenye vifundo vitatu au vinne, tia kwenye chupa ya maji, mizizi inatoka ndani ya wiki moja, hamishia kwenye chungu. Mahali pa nyuzi 15 na zaidi, maji kidogo. Mei kata marando mapya kutoka hayo, Juni peleka nje. Yakishambuliwa na utitiri mwekundu kipupwe, ni hewa kavu ya hita; yaogeshe chini ya bomba kila wiki, hasa upande wa chini wa majani.

---

MwanaKatanga (Liège, Ubelgiji)

Mmesahau mboga chachu. Kwa wanaokula bukari (ugali wa kwetu) na ngai-ngai, jibu la nchi za baridi ni Rumex acetosa. Ngai-ngai ni majani ya rosela, Hibiscus sabdariffa, mmea wa joto usiovuka Oktoba hapa. Rumex ni ukoo mwingine kabisa, ila uchachu unafanana kiasi kwamba Wafaransa huita mmoja oseille na mwingine oseille ya Guinea. Ndugu wa Leeds angalia: kwenye maduka ya Wakaribi huko Uingereza, “sorrel” ni maua makavu ya rosela ya kutengenezea juisi. Omba kwa jina la Rumex acetosa.

Kupanda ni rahisi mno. Sia Machi au Aprili kina cha sentimita 1, punguza hadi sentimita 30, mwaka huohuo unachuma. Mashina sita yanatosha nyumba moja. Kazi pekee ni kukata kikonyo cha maua kila kikitokea Mei na Juni; ukikiacha majani yanakuwa makali na mbegu zinajaa bustani nzima. Ipo aina isiyotoa maua kwa urahisi, unaipata kwa kugawa shina la mtu mwingine. Kila mwaka wa nne ng'oa shina Machi, lipasue kwa jembe vipande vitatu, panda vipande vya pembeni, katikati tupa. Majani ya kwanza yanatoka Februari au Machi, wiki kadhaa kabla ya kitu kingine kwenye bustani yangu.

Sasa jikoni. Kwanza, majani yakigusa moto yanageuka rangi ya khaki papo hapo. Hayajaharibika, ndivyo yalivyo. Pili, yanasinyaa vibaya: gramu 500 mbichi zinabaki vijiko vichache vya kulia. Changanya nusu kwa nusu na Daubenton au Hablitzia upate wingi. Tatu, usitumie sufuria ya alumini wala chuma tupu, uchachu unakula chuma na mboga inakuwa na ladha ya sarafu. Chuma cha pua au iliyopakwa enameli.

Uchachu huo ni asidi ya oksaliki. Ukichemsha kwenye maji mengi dakika 3 ukayamwaga unaondoa sehemu kubwa, ingawa na ladha inakwenda nayo. Kwa mtu mzima mwenye afya, sahani mara moja au mbili kwa wiki si tatizo. Mwenye mawe ya figo aiache, na hata Blitum na spinachi apunguze. Kalsiamu huikamata asidi hiyo tumboni kabla haijaingia damuni, kwa hiyo kuipika na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, au kula na maziwa mala pembeni, kuna maana zaidi ya utamu. Kuna wanaotia magadi ili kuua uchachu: ncha ya kijiko tu, itafoka povu, na vitamini C inaondoka. Mimi naona ukitaka mboga isiyo chachu pika nyingine.

Pishi: kaanga kitunguu na pilipili mbuzi, tia dagaa au samaki mkavu aliyelowekwa, nyanya moja, maji nusu kikombe, dakika 10. Majani yaliyokatwa yanaingia mwisho, dakika 4. Mawese kijiko kimoja.

Na kwa kuwa tumetaja oksaliki: majani ya rubabu, ile yenye vikonyo vyekundu vya kupikia jamu, ni sumu. Kikonyo kinaliwa, jani halina kuchemshwa wala kumwagiwa maji. Linaonekana kama mboga nzuri, pana na laini, na hapo ndipo hatari.

Daubenton hapa na Uholanzi ni mmea wa kizamani. Waholanzi wana sukuma ya kudumu wanayoiita eeuwig moes, yaani mboga ya milele.

---

ShambaDogo

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. MwanaKatanga, hilo la sorrel ya Wakaribi limeniokoa, nilikuwa nimeshaandika kwenye orodha. Swali: je, kuna kitunguu cha majani cha kudumu? Na kwa wale wa baridi kuliko yangu, Daubenton inavuka?

---

Bustani_Minnesota (Minneapolis, Marekani)

Haivuki. Daubenton inavumilia nyuzi 10 chini ya sifuri, pengine 15 kwa muda mfupi. Kwetu Januari hushuka nyuzi 30 chini, na hakuna nyasi za kufunika zitakazookoa shina linalokaa juu ya ardhi. Anayetaka kuing'ang'ania aweke vipandikizi vitano kwenye vyungu ndani ya banda lisilofika jalidi, lenye mwanga kidogo, nyuzi 2 hadi 8, maji mara moja kwa wiki mbili. Hilo ndilo bei yake kila mwaka.

Kwa baridi ya namna hii, mboga ya kudumu maana yake ni ile inayojificha chini ya ardhi. Hablitzia, Rumex na Blitum zote zinavuka. Theluji yenyewe ni blanketi. Ubaya uko Machi, udongo unapoyeyuka mchana na kuganda usiku, unavimba na kuinyanyua mizizi ikabaki hewani. Subiri udongo ugande kwanza mwishoni mwa Novemba, ndipo uweke majani makavu sentimita 10 hadi 15. Ukiyaweka mapema, udongo unabaki na joto na panya wanahamia. Aprili yaondoe kidogo kidogo ndani ya wiki mbili.

Kitunguu cha majani: Allium fistulosum. Kinagawanyika chenyewe kuwa kichaka. Kata majani sentimita 3 juu ya udongo, yatarudi mara nne au tano kwa msimu. Gawa kila mwaka wa tatu, la sivyo vinabanana na kuwa vyembamba kama nyuzi. Allium tuberosum nayo, yenye majani bapa na harufu ya saumu, inafaa kwenye mayai na maandazi ya nyama. Kata maua yake kabla ya mbegu, inajisambaza hata kwenye nyufa za sementi.

Kivulini huku tuna hosta, lile ua la majani mapana linalouzwa kila duka la bustani. Machipukizi yakiwa yamejikunja kama sigara, sentimita 10 hadi 15, unayakata usawa wa ardhi na kuyakaanga na kitunguu dakika 5. Chukua awamu moja tu kwa mwaka, uache mmea upumue. Chukua kutoka mmea uliokaa kwako angalau mwaka, kwa sababu wa dukani umepuliziwa dawa za maua, si za chakula. Mbwa na paka wasile, unawadhuru. Kulungu wao wanaujua utamu wake kuliko sisi, bila uzio hutaonja.

Pia usisahau miti. Majani machanga ya Tilia, mti wa kawaida wa barabarani hapa na Ulaya, yanaliwa mabichi kama saladi wiki mbili tatu za kwanza yanapong'aa na kupenyeza mwanga. Ukiupanda na kuukata kila mwaka usawa wa goti, unabaki kichaka na majani yako mkononi. Kwa ugali hayafai, yanaleta mlenda. Labda kwa mpenda mlenda ndiyo sifa.

---

Kijana_wa_Mboga

MamaKitalu nimekubali, mbegu zangu zilikuwa zimelala kweli. Ongezeni Allium ursinum kwa huo ukanda wa kivuli, majani ya harufu ya saumu, yako tele misituni Aprili, bure kabisa. Ukinusa tu unajua ndiyo.

---

FundiMbegu

Allium ursinum sawa, tena inajaza haswa miezi yako ya njaa, Machi hadi Mei. Ila sentensi ya mwisho ifutwe. Kunusa hakutoshi. Ukishachuma majani kumi, mikono yako inanuka saumu na kila jani utakaloshika baada ya hapo litanuka hivyohivyo. Inaota pamoja na Arum maculatum, na majani yake hufanana na Convallaria majalis, ambayo hudhuru moyo, na Colchicum autumnale, ambayo sumu yake haina dawa ya kuivunja na kupika hakuiondoi.

Tazama jani moja moja. Allium ursinum: kila jani lina kikonyo chake chembamba kinachotoka ardhini peke yake, jani ni laini. Convallaria: majani mawili hadi matatu kwenye shina moja, yanakumbatiana chini. Colchicum: majani magumu yasiyo na kikonyo, yanatoka kwa fungu, wakati mwingine na tunda katikati. Arum: jani likikomaa lina umbo la mshale na mishipa kama wavu, likiwa changa mshale hauonekani, na humo ndimo watu hukosea. Usivune kwa kufyeka konzi. Kwa ShambaDogo, nunua vitunguu 20 vyake kwa muuzaji, panda kina cha sentimita 5 kwenye kona isiyo na mimea hiyo, na uizungushie kitu. Ikishapenda mahali haitoki.

Na kama unafikiria sukuma ya ufukweni, Crambe maritima, inayoota kwenye kokoto za pwani ya Uingereza: usiing'oe huko, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Nunua vipande vya mizizi vya sentimita 10 hadi 15, uvipande Machi, upande mnene juu. Ukivigeuza vinapoteza nguvu kujipinda. Mfinyanzi wako utaviozesha, kwa hiyo labda ndani ya pipa lenye mchanga. Mwaka wa tatu, Januari, funika kwa ndoo nyeusi isiyopitisha mwanga; baada ya wiki kama 8 hadi 10 unakata vikonyo vyeupe. Ni chakula cha subira, binafsi ningeanza na Rumex.

---

ShambaDogo

Nimeelewa. La mwisho: chokaa niweke lini, na mboji ya Machi naweza kuchanganya pamoja niokoe kazi?

---

FundiMbegu

Usichanganye. Chokaa ikikutana na samadi, nitrojeni inageuka amonia na kuondoka hewani, utainusa ikienda. Chokaa Novemba, siku isiyo na upepo, ukiwa na miwani na glavu, ichanganye na sentimita 15 za juu za udongo. Mboji na vidonge vya kuku Machi. Usiweke chokaa upande wa Rumex, yenyewe inapenda uchachu, pH 6.1 yako inaitosha kama ilivyo.